Aliyehama Udaktari

Basi la Msambweni lilikuwa limeshapita Tiwi, likikwepa mashimo ya mvua za El Nino, kijana aliyeketi mbele yangu alipomwambia mama wa pembeni yake kwamba amehama. Hawakuwa wakijuana. Alikuwa amemwamkia shikamoo na kusema yeye ni Ndolo, anarudi kwao Msambweni kwa likizo, na mama yule hakuhitaji ruhusa zaidi ya hiyo kumhoji.

“Umehama chuo?” “Chuo ni kilekile, mama. Nimetoka udaktari, nimeingia ualimu.” “Wamekufukuza?” “Niliomba mwenyewe.” Alisema walipewa maiti wa kujifunzia, mzee asiye na jina, ambaye hakuna ndugu aliyekuja kumwulizia. Usiku alikuwa hapati usingizi.

“Maiti hamdhuru mtu, mwanangu,” mama alisema. “Ungevumilia. Huko ualimu una raha?” Ndolo alisema anakula peke yake, wenzake wa zamani wanampita kama hawamjui, na hawa wapya alikuta wameshazoeana. “Si umeyataka mwenyewe,” mama akasema. Nilimwona mkali, lakini sikuwa nimeulizwa.

“Wale wenzangu walikuwa wakimcheka yule mzee,” kijana alisema kwa sauti ya chini. “Mimi nilikuwa nikibaki nyuma kila jioni, nikimfunika uso.”

Mama alimgeukia. Kisha akauliza, “Na sasa, nani anamfunika?”

Kondakta aligonga ubavu wa basi, akaita Msambweni. Ndolo alikuwa amefika kwao, wala hakuinuka.