Mafuta ya Kurudi

Pale Waithaka, mbele ya saiba ya Nyakio, duka la kulipia intaneti, palikuwa na benchi la mbao lililosimamishwa juu ya vipande vya tofali, na waliolikalia walikuwa na majina ya kubatizwa hapo hapo. Wainaina alikuwa Bunge, maana hakuwahi kukubali hoja kabla ya kuipinga. Hezekiah, muuza kahawa ya tangawizi, alikuwa Thamosi, kwa sababu ya birika lake lisilopoa. Kisilu alikuwa Dereva, ingawa mwaka ule wa 2009, mwaka wa mgao wa stima, hakuwa tena na gari la kuendesha. Alizungusha usukani wa trela kutoka Mombasa hadi Kigali na Juba mpaka jicho la kushoto likafa, kampuni ikamwambia asante. Akabaki nyumbani akitazamana na ukuta. Ni Nyakio aliyemwonyesha mchezo fulani wa mtandaoni, ambamo watu wa dunia nzima huendesha vyombo vya angani, wengi wao wakipigana na kuuziana vitu karibu na nyota za kuanzia. Kisilu hakutaka vita wala soko. Alishika njia moja akaenda, jioni baada ya jioni, akazipita nyota za mwisho kwenye ramani, hadi mafuta yakamwishia mahali ambapo hapakuwa na mtu.

Aliomba msaada. Mtu anayejiita Polar akajibu kwamba anakuja. Amekuwa njiani wiki nzima, na leo ndiyo siku ya kufika. Na leo stima imepotea.

— Hiyo gari yako usahau, Bunge alisema, akipuliza kahawa. Mtu atoke huko kote, akuletee mafuta ya bure, na hakujui? Huyo ni mwizi.

— Aibe nini? Kisilu akauliza. Mimi sina mzigo. Niko na picha za nyota tu.

— Si ndio hizo picha anataka!

— Zii, si mwizi, Thamosi akaingilia. Mimi nimefikiria hii maneno. Huyo si mtu. Ni kompyuta. Imeona uko pekee yako huko, ikakutengenezea rafiki ndio usiache kucheza.

— Kompyuta inakuuliza kama umekula? Polar huniuliza kila jioni.

— Basi ni serikali ya ng'ambo! Bunge alisimama kabisa. Wanatafuta madereva. Siku ya kuhamia mwezini unafikiri watabeba nani, profesa? Watabeba mtu ameteremka Mau na trela, mvua ikinyesha. Dereva, wewe uko kwa interview na hujui!

Benchi lilicheka. Kisilu alicheka pia, lakini jicho lake zima lilikuwa kwenye taa ya mlangoni mwa saiba. Asipoingia mchezoni, chombo chake hakionekani. Polar atafika, atazunguka giza tupu, atadhani amedanganywa. Kisilu aliwahi kukaa kando ya barabara ya Lodwar tangi likiwa kavu, akisikiliza kila mngurumo wa mbali. Alijua kungoja. Hakuwahi kufikiria uchungu wa anayekuja asimkute mtu.

Msichana mmoja alikuwa ameketi mwisho wa benchi, anaitwa Lornah, mwanafunzi wa uuguzi aliyekuja kusoma barua pepe akakuta giza.

— Samahani, mzee, alimwambia Kisilu. Huyo Polar, yeye ako na mafuta ya kurudi?

Thamosi alitazama kikombe alichokuwa akisuza. Wiki nzima Kisilu alikuwa akimuuliza Polar amefika wapi, amebakisha umbali gani. Hilo hakuwahi kuliuliza.

— Sijui, alisema.

Friji ya bucha ya jirani ikaanza kunguruma.

— Dereva! Nyakio aliita kutoka ndani. Imerudi! Njoo haraka!

Waliingia wote, hata Thamosi na birika lake. Mtandao ulijivuta, ukajivuta, kisha giza la kioo likajaa nukta za nyota. Katikati yake kulikuwa na chombo kidogo kilichokwaruzika, si chake, taa zake zikiwaka na kuzima.

Polar alikuwa ameandika: *Nimekungoja. Nilijua utakuja.*

Kisilu aliinamia kibodi. Hakuandika asante kwanza. Kwa Kiingereza chake cha mipakani aliandika: *Wewe una mafuta ya kurudi?*

Jibu lilichelewa. Bunge aliegemea bega lake, akalisoma kwa sauti, akilitafsiri polepole:

— Anasema... ya kurudi hayatoshi, hata mkigawana. Alijua tangu alipotoka. Lakini anasema ya kufika nyota inayofuata yapo, yenu wote wawili. Labda huko mtapata mengine.

Nyakio alijifuta jicho kwa kiganja, akajifanya anapanga waya.

— Na huko kwa hiyo nyota, Lornah akauliza, kuko nini?

Walimgeukia Bunge. Bunge, kwa mara ya kwanza tangu benchi lile liwekwe, alitingisha kichwa tu.

Kisilu alivuta kiti karibu na kioo. Aliandika: *Tangulia, nakufuata,* akawasha injini.