Bado Hajatualika

Jumamosi moja ya Desemba 1997, baada ya sala ya alasiri, tulikuwa wanaume wanne kwenye barza ya Kibokoni, Mombasa, kila mmoja amevaa nguo zake nzuri na kila mmoja akidai amezivaa bila sababu. Ng'ambo ya kichochoro, karibu na miguu yetu, Mutanu wa dobi alikuwa ametandaza turubai baina ya nyumba mbili na kupanga chini yake viti vya plastiki vya kanisa. Viti vilikuwa vitupu. Harufu ya pilau ilikuwa imetufikia tangu adhuhuri. Kesho yake binti yake, Everlyne, alikuwa aolewe kanisani na Lewis, fundi wa mashine za barafu kule Liwatoni. Leo jamaa za Lewis walikuwa wanavuka feri kutoka Likoni, waje kula na kuonana na watu wa bibi harusi. Watu wa bibi harusi hawakuwako. Mutanu ni mjane, ndugu zake wako Kitui. Mvua ya El Nino ilikuwa imekata barabara, na hata kabla ya mvua wengi wao walikuwa wameapa kwamba, baada ya vurugu za Agosti, Mombasa hawaikanyagi tena.

Fuad, muuza kahawa, aliweka dele lake chini, akamimina vikombe vya kwanza.

—Mwanamke huyu hajui mambo, alisema Sheria.

Jina lake hasa ni Abdulghafur. Alikuwa karani wa forodha mpaka akastaafu, na hakuna jambo asilolijulia kanuni.

—Jumatano nimekwenda kuchukua kanzu. Kanambia, "Mzee, Jumamosi ni karamu ya harusi ya Everlyne." Nikamwambia mabruki. Basi. Hakunambia njoo.

—Na mimi hivyo hivyo, alisema Gharib, mchinjaji, ambaye sisi twamwita Kisu. —Kunambia kuna harusi ni habari. Mwaliko ni mwaliko.

—Mbuzi nani kachinja? aliuliza Fuad.

—Mimi. Alfajiri. Kanijia mwenyewe, kanambia, "Mzee Gharib, chinja wewe, ili kila mtu ale."

—Kila mtu nani?

—Sikumuuliza, yakhe. Mimi nilikuwa na mbuzi mkononi.

Askofu akatikisa kichwa. Huyu ni Benard, seremala, Mtaita, mzee katika kanisa analosali Mutanu. Alikuwa amevaa suti.

—Nyinyi mwangoja nini? Hapa kwenu mwenye harusi hutuma mtu apite mlango kwa mlango, barza kwa barza, aseme mwaitwa kwa fulani. Kwao Kitui hawana hayo. Anayesikia huja. Kumwambia jirani "njoo" ni kama kumshuku kwamba hakuwa na nia ya kuja.

—Amekaa hapa tangu Everlyne hajazaliwa, alisema Sheria. —Desturi zetu azijua.

—Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, alisema Kisu.

—Kuku gani mgeni? Huyu ndiye aliyepiga pasi kanzu ya harusi ya kijana wako, na leo una wajukuu, alisema Askofu.

—Nimesema methali tu, bwana we.

—Na wewe, Askofu? alisema Sheria. —Wewe una kadi. Naiona hapo mfukoni. Mbona umekaa na sisi tusioitwa?

Askofu aliisukuma kadi ndani.

—Siketi turubai moja na mchungaji mpaka aniombe radhi. Kanitoa kwenye kamati ya ujenzi, mimi, seremala. Kamweka mwalimu wa kwaya.

Fuad alimjazia kikombe bila kuulizwa. Askofu akanywa, akatazama upande wa Ndia Kuu, ambako wageni wangetokea.

—Mwajua anayekuja ni nani? Mzee Dzoro. Mduruma wa Likoni, ami yake Lewis. Ndiye aliyemlea. Ndoa hii haitaki. Jumapili iliyopita kasimama kanisani, akasema: "Mwezi wa nane nimeona watu wakikimbia usiku na magodoro kichwani, na hapana jirani aliyesema, huyu ni wetu. Simchukui msichana asiye na watu. Nitakwenda, nitapiga hodi. Nikiitikiwa, nitakula. Nisipoitikiwa, narudi na kijana wangu, na harusi hakuna."

—Si Mutanu mwenyewe ataitikia? aliuliza Kisu.

—Mama wa msichana haitikii. Huitikia mtu wake.

—Na Lewis atakubali kurudi?

—Yule ndiye baba aliyebaki naye.

Tulitazama viti. Upepo ulipita chini ya turubai, ukalitikisa.

—Jambo hili limo kitabuni, alisema Askofu. —Yesu alisimulia. Mtu mmoja alifanya karamu kubwa, akaalika watu. Chakula kilipoiva akamtuma mtumishi, nenda waambie waje. Wa kwanza akasema, nimenunua shamba, nakwenda kulitazama. Wa pili akasema, nimenunua ng'ombe, nakwenda kuwajaribu. Wa tatu akasema, nimeoa.

—Huyo wa tatu ana udhuru, alisema Kisu.

—Na yule wa shamba? alisema Sheria. —Alinunua ndipo aende kulitazama? Kisheria mtu hukagua kwanza. Huyo kaibiwa.

Tulicheka. Askofu alingoja tumalize.

—Mwenye karamu akaghadhibika. Akamwambia mtumishi, toka uende vichochoroni, niletee maskini, viwete na vipofu, nyumba yangu ijae.

Kicheko kilikatika. Kichochoro kilikuwa hapo, chini ya miguu yetu.

—Ngoja, alisema Sheria. —Tuelewane. Sisi hatukualikwa. Ikiwa hatukualikwa, hatukukataa. Ikiwa hatukukataa, sisi si wale wa shamba na ng'ombe.

—Basi nyinyi ni wale wa vichochoroni.

—Mimi? Karani wa forodha? Mimi kiwete?

—Kipofu, alisema Fuad.

Kisu alimpiga Fuad begani, lakini Sheria hakucheka.

—Mimi naona huyo mwenye karamu alikuwa na lake, alisema Kisu. —Mtu halishi watu asiowajua. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Hebu niambieni, huu ni mwezi gani? Mwezi wa kura. Nani mwezi huu kakupikia pilau asitake kitu? Nawaambia, Mutanu asimama udiwani.

—Astaghfirullah. Mutanu?

—Nguo za mtaa mzima ziko kwake. Ajua nani ana suruali moja na nani ana kumi. Diwani gani ajua hayo?

—Si hivyo, alisema Sheria, na akasogea mbele. —Nimefikiri. Shikeni kola zenu.

—Kola?

—Kola yangu husimama. Watu waniona kona ya kule kwa kola yangu. Safari hii ishike. Imelala. Kanji ya kukazia nguo hakutia ya kutosha. Huyu mwanamke katuma ujumbe.

Kisu alishika kola yake. Nami nilishika yangu.

—Yangu ngumu, alisema Kisu.

—Basi ujumbe ni wangu mimi! Yuko nyuma ya dirisha lile na pasi yake ya makaa, atutazama. Hatwiti makusudi. Atupima. Ataka kuona nani atavuka bila kuitwa. Na ambaye hatavuka, atasema, huyo ndiye aliyenitilia karatasi chini ya mlango.

Kisu aliiachia kola yake.

Karatasi ile tuliijua wote, ingawa hakuna aliyewahi kuitaja mbele ya wenzake. Ilikuwa Agosti, siku zile nyumba zilipochomwa Likoni. Ilisema watu wa bara warudi kwao. Mutanu aliiokota asubuhi akifagia. Alifunga chumba cha dobi, akafunga na mlango wa nyumba, akakaa ndani na binti yake. Kanzu zetu zilikuwa ndani pamoja nao.

—Hakuna mtu wa mtaa huu aliyeandika kitu kile, alisema Kisu.

—Sikuuliza nani kaandika, alisema Askofu. —Nauliza nani aligonga.

—Aligonga nini?

—Mlango. Siku zile amejifungia. Nani alikwenda akagonga?

Kisu alitazama vidole vyake.

—Mimi nilipeleka maini.

—Ukagonga?

—Niliyaweka kizingitini.

—Ikawaje?

—Paka waliyafikia kwanza.



—Mimi nilimwombea, alisema Sheria. —Kimoyomoyo. Dua haihitaji kugonga mlango.

—Na wewe mwenyewe, Askofu? aliuliza Kisu.

—Nilikuwa Voi. Nilikimbia siku ya pili. Ndiyo maana nauliza, mimi sina la kujibu.

Hakuna aliyeniuliza mimi, nami sikusema.

Fuad alikuwa anasuuza vikombe. Mtaa wote wamjua kwa vikombe vyake. Huvigonganisha mkononi akitembea, na mtu humsikia kabla hajamwona.

—Mimi nilikuwa napita kila jioni, alisema. —Nikifika mlangoni pake nilikuwa naacha kugonga vikombe. Nilisema asije akashtuka. Nikishampita naanza tena.

—Umefanya vizuri, alisema Sheria.

—Juzi kanambia. Kanambia, "Fuad, siku zile nilikuwa nakaa gizani nasikiliza. Vikombe vyalia kule mlangoni kwa Bi Nasiha. Vyalia tena kule kona. Kwangu vyanyamaza. Hapo ndipo nilipoogopa."

Sheria aliweka kikombe chake chini, kikiwa bado na kahawa.

Kutoka upande wa Ndia Kuu ulisikika wimbo. Sauti za wanawake, na kayamba. Ulikuwa mbali, kisha haukuwa mbali.

Mlango wa Mutanu ulifunguka. Alitoka na leso mpya, akanyoosha kiti kimoja kilichokuwa kimenyooka, akatazama mwisho wa kichochoro, akarudi ndani. Hakututazama.

—Mwamwona? alisema Sheria kwa sauti ya chini. —Alikuwa hapa hapa. Neno moja tu. "Karibuni." Lingemgharimu nini?

—Na wewe kuvuka kutakugharimu nini? alisema Askofu.

—Wewe mwenye kadi vuka kwanza.

—Haraka haraka haina baraka, alisema Kisu. —Tungojeni. Labda atatwita wageni wakishaketi.

—Wageni hawataketi! Hujasikia nililokwambia?

—Punguza sauti, wamefika, alisema Sheria.

Mzee Dzoro alikuwa mbele, amevaa koti na kushika mwavuli uliofungwa. Lewis alimfuata, tai shingoni, macho kwenye mlango. Nyuma yao wanawake na wanaume wa Likoni walijaza kichochoro kwa upana wake. Wimbo ulifika ukingo wa turubai ukaisha.

Dzoro alitazama viti safu kwa safu, kama mtu anayesoma. Hakukanyaga chini ya turubai.

—Hodi, alisema.

Dirisha la juu la Mutanu lilikuwa wazi kidogo. Hakuna sauti iliyotoka humo. Askofu alitazama huku na huku. Mchungaji hakuwa amefika, kwa hivyo hakukuwa na mtu wa kumsusia. Hata hivyo hakuondoka kwenye barza.

—Hodi.

Lewis alisema kitu sikioni mwa ami yake. Mzee alimwinulia mkono anyamaze. Sheria alikuwa ameshika kola. Kisu alianza kusema neno, akakohoa badala yake.

—Ya tatu ndiyo ya mwisho, alisema Dzoro, si kwa hasira. —Hodi nyumba hii.

Vikombe vililia.

Fuad alikuwa ameinuka, dele mkono huu, vikombe mkono huu, anavigonganisha kama jioni yoyote. Alivuka kichochoro akivigonga, akafika mlangoni pa Mutanu akivigonga, akasimama hapo bila kuacha. Ndipo akanyamazisha mkono.

—Karibuni, alisema.

Dzoro alimtazama, akalitazama na dele.

—Wewe ni nani wake?

—Muuza kahawa.

—Ndugu yake?

—La. Napita hapa kila jioni.

Mzee alifikiri. Kisha aligeuka, akatuona: wanaume wanne kwenye barza, kanzu tatu nyeupe na suti moja, zote zimenyooshwa na pasi moja. Alituelekeza kwa ncha ya mwavuli.

—Na hawa?

Fuad alitutazama. Alitutazama mmoja mmoja, akimpa kila mtu nafasi. Kisha akainamisha dele, akammiminia mzee kahawa.

Dzoro hakurudia swali. Alipokea kikombe, akanywa, akaketi kiti cha kwanza. Lewis akaketi. Kayamba likaanza tena, na jamaa za Likoni wakaingia, wakajaza viti vya upande mmoja. Upande wa pili, wa watu wa bibi harusi, aliketi Fuad peke yake, dele baina ya miguu.

Mutanu alitokeza mlangoni akifuta macho kwa pindo la leso. Aliwaamkia wageni, akamshika Dzoro mkono kwa mikono miwili. Kisha akatazama juu ya vichwa vyao, kwetu. Macho yake yalipita kwenye kola zetu, moja baada ya nyingine. Akageuka, akaingia ndani kupakua. Mlango hakuufunga.

Vikombe mbele yetu vilikuwa vimepoa, na hapakuwa na wa kutujazia. Sheria aliutazama mlango ule.

—Mlango ulioachwa wazi, alisema, kwa kanuni, ni mwaliko au si mwaliko?

 Kisu alikuwa ameinama, macho ng'ambo, anapapasa chini ya barza akitafuta makubadhi yake.