Msahihishaji, Kama Alivyoishi na Kama Alivyokufa

Kabla ya yote, marehemu mume wangu alikufa kwa ugonjwa wa moyo. Juzi, mwili ukiwa bado hospitali, mama mmoja alisimama jikoni kwangu, anasuuza vikombe vyangu, akamwambia mwenzake: "Si alishawahi kujaribu huyu? Basi mara hii amefaulu." Amefaulu, kana kwamba mume wangu alikuwa mtahiniwa. Vikombe vile nimeviosha upya.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya treni, mtoto wa tatu wa fundi viatu na mkunga.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa hatua mia mbili kutoka kwao. Akiwa darasa la sita alisahihisha kwa penseli tangazo la mwalimu mkuu kwenye ubao wa matangazo. Alichapwa viboko viwili, na tangu siku hiyo hakuna tangazo lililobandikwa kabla hajalipitia. Alimaliza sekondari mwaka 1980.

Mwaka 1982 aliajiriwa kiwanda cha uchapaji, kwanza mpanga herufi, kisha msahihishaji kwa miaka thelathini na tisa. Pale kulikuwa na sheria moja: mtu hapitishi ukurasa wake mwenyewe. Mmoja anasoma kwa sauti, mwingine anafuata kwa kalamu. "Kosa lako hulioni," alikuwa akisema, "linasubiri jicho la pili."

Tulifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1988. Barua yangu ya kwanza aliijibu akinionyesha makosa mawili. Mimi ni mwalimu. Nilimrudishia yake nikiwa nimeona matatu. Wiki iliyofuata wazee wake walikuja kwetu.

Sasa nifike pale mnapopangojea.

Mwanzoni mwa 2014 marehemu aliacha kulala. Aligawa kalamu zake nzuri kiwandani. Wenzake walicheka: "Mzee, unagawa urithi ukiwa hai?" Alituomba radhi kwa mambo ya miaka ishirini nyuma, akasema tungepumua zaidi bila yeye. Mimi niliyesomea malezi nilimwambia aache deko. Tarehe 2 Juni alijaribu kujiua. Tulimwahi.

Niliwaambia watu ni vidonda vya tumbo. Uongo huo ni wangu, si wake. Niliulinda kwa ajili ya jina la nyumba hii, na mlikuja kumshauri asile pilipili, naye akawaitikia kwa adabu, huku anazama. Nikikumbuka sura yangu ya siku zile, najichukia.

Aliyekuja na ukweli ni mwendesha mitambo wa kiwandani, tunayemwita Wino. Alikaa sebuleni na ovaroli lake, chai hajaigusa, akauliza:

"Kaka, ulitaka kufa?"

Nilisimama nimtoe nje. Mume wangu akajibu, "Ndiyo."

"Na leo?"

"Leo sijui."

"Basi leo siondoki. Shemeji, kaa. Huu ukurasa alikuwa anausoma peke yake."

Mume wangu alilia, kisha akaomba chakula, mara ya kwanza baada ya siku nne. Niliogopa kwamba kuuliza kungemtia wazo. Wazo alikuwa nalo. Alichokosa ni mtu wa kumwambia. Tuliondoa nyumbani kila kitu cha hatari. Kila Alhamisi Wino alimsindikiza kwa daktari wa magonjwa ya akili, nami niliwafuata kuanzia ya tatu, nimejifunika mtandio usoni kama mwizi. Alimeza dawa. Kila asubuhi tulimuuliza waziwazi kama mawazo yale yapo, na siku alizojibu "yapo" hakuachwa peke yake. Alirudi kazini, akastaafu kwa heshima, akamfundisha mjukuu kusoma. Miaka kumi na moja mnaipita, mnakwenda kuchokonoa siku moja.

Marehemu alifariki tarehe 3 Novemba 2025, saa kumi alasiri, wodi ya moyo, mkono wake mmoja kwangu, mwingine kwa Wino. Wiki moja kabla aliniambia, "Mke wangu, kwenye wasifu wangu vile vidonda vya tumbo uviondoe." Nimeviondoa. Na kama angekufa mwaka ule, ningepaswa kusimama hapa kichwa changu kikiwa juu hivi hivi, kwa kuwa ule nao ulikuwa ugonjwa, na alikuwa mtu wa heshima.

Mliokaa hapo, kama nyumbani kwenu kuna anayegawa vitu vyake na kujiita mzigo, mwulizeni kwa maneno hayo hayo ya Wino, kaeni naye, mpelekeni kwa daktari. Hilo lina faida kuliko kunong'ona jikoni kwa watu.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mwana mmoja, wajukuu wanne, dada yake mkubwa, na Wino, ambaye katika familia hii anahesabiwa ndugu.

Alale kwa amani aliyoipigania.

Ukurasa huu Wino ameusoma kwa sauti, nami nimefuata kwa kalamu. Hauna kosa. Msiniulize zaidi, sitajibu.