Nani Atauchunga Mpaka wa Juru

Sogeeni, wanangu. Kalume, kaa hapo karibu na mdogo wako, hana ukoma. Na wewe Ushindi acha kununa, maana pumzi niliyobakiza ni kidogo na sitaimaliza kwa kubembeleza watu wenye ndevu. Sidonie, binti yangu, niinue. Asante, mama.

Kitanda hiki cha hospitali ya Nyamitanga hakijaniziba masikio, Kalume. Nimesikia kwamba kesho unakwenda kumpa Afande Naboth, yule mwanajeshi mstaafu, ile fasi, kile kipande cha bondeni chenye maharage mazuri, ili alete vijana wake wakuchungie mpaka wa shamba, ndugu yako asiusogelee. Kuchunga! Loo!

Kule Baraka, kwetu Kongo, nilifundisha historia, na kila mwaka somo moja lilininyima raha: Wamaratha wa India, watu wa farasi na ngome, ambao hata mfalme wa Delhi aliishi chini ya ulinzi wao. Waligombana wenyewe kwa wenyewe. Mkuu wao, Peshwa Baji Rao, alimuua ndugu wa jemadari mwenzake Holkar, Holkar akaja na jeshi akamfukuza Pune, mji wake, na yule bwana, badala ya kupatana na wenzake, akakimbilia kwa Waingereza: nichungieni kiti changu. Wakasema, hakuna shida, askari wetu watakaa kwako daima, wewe tupe ardhi ya kuwalisha. Wakamrudisha kitini, ndiyo, lakini tangu hapo hakuruhusiwa hata kupatana na jirani bila kuwauliza. Wakuu wenzake, Sindia na Bhonsle, wakakasirika, wakapigana na Waingereza, Holkar akakaa pembeni akitazama. Wakashindwa, na zamu ya Holkar ilipofika akapigana peke yake. Baadaye Peshwa mwenyewe akajaribu kuwatoa walinzi wake. Walimwondoa yeye, wakampeleka mbali kando ya mto Ganges ale posho, nchi ikawa yao. Mizinga walikuwa nayo Waingereza, na tamaa pia, lakini mlango walifunguliwa na mwenye nyumba.

Mwanangu, mtu akichunga, lazima kuwe na mbuzi. Sikuwatoa Kivu risasi zikilia ili muwe mbuzi wa mtu, tena juu ya ardhi ya wakimbizi tuliyogawiwa tulime tu.

Usicheke, Ushindi! Kila msimu jembe lako linaumega mpaka, unadhani baba haoni. Rudisha matuta ya kaka yako kabla ya mvua. Na wewe Kalume, kesho nenda kwa Afande kwa heshima, mwambie mzee amekataa.

Nikifa msinizike hapa Mbarara. Nizikeni Juru, palepale mnapogombania, kichwa kwa Kalume, miguu kwa... hapana, na hilo mtaligombania. Nilazeni kwa urefu wa mpaka. Atakayesogeza jembe atanigusa mimi. Nitachunga mwenyewe, sitaki shamba la mtu.

Maji, Sidonie... basi, yatosha.

Mungu awa... awachunge, awape watoto wanaosalimiana. Wekeni mikono hapa kifuani, sioni vizuri. Huu ni wa Ushindi. Kalume... wako uko wapi? Kalume?

Ahaa. Mzito. Uacheni hapo.