Kioo Kinapopanda

Kijiwe chenyewe ukikiona utauliza watu wanafuata nini pale. Ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, na ukuta wa nyuma umeng'aa kwa migongo ya watu wasio na haraka. Kushoto ni kwa Wembe, kinyozi. Kulia ni studio ya Kacha, mpiga picha. Katikati Mama Birika ameweka jiko lake la mkaa na vikombe vyake visivyo na mikono. Hapo mambo ya dunia huamuliwa kila siku, kisha dunia huendelea kufanya inavyotaka yenyewe. Jumatano hiyo mchana Kacha alitoka studio kamera ikiwa shingoni, akaketi pembeni kabisa, akapokea kahawa bila kusema asante. Mama Birika akamtazama. Kacha ana makosa yake, tena mengi, lakini asante huwa haisahau.

— Unaumwa? aliuliza Wembe kutoka mlangoni kwake, taulo begani.

— Naumwa kamera.

— Hiyo dawa yake ipo kwa Chaji.

Chaji, fundi simu, alikuwa kashakaa kwenye ubao na bisibisi yake mfukoni. Yeye huamini kuwa kitu chochote chenye waya kinamhusu.

— Imekufa? aliuliza.

— Haijafa. Wenye duka la kamera wameniambia niwaletee hii na lenzi zake zote, niongeze na kiakiba changu, wanipe mpya. Ile isiyo na kioo. Jibu wanalitaka leo kabla hawajafunga, kesho inakwenda kwa mtu mwingine. Na Jumamosi ndiyo harusi ya binti yangu.

Wembe alitoka mlangoni akaja kukaa. Mteja wake aliyekuwa kanyolewa upande mmoja akabaki kitini anajitazama.

— Subiri, alisema Wembe. Isiyo na kioo maana yake nini? Kamera yako ina kioo?

Kacha akaweka kikombe chini, akainua kiganja cha kushoto, akakiinamisha mshazari.

— Mwanga unaingia hapa mbele. Unakipiga kioo, unapanda juu, unafika jichoni kwangu. Kwa hiyo mimi nikichungulia ninakuona wewe mwenyewe, na uso wako huo huo. Ile mpya wamekitoa kioo. Ukichungulia unaona televisheni ndogo, kamera inakuonyesha inachokiona yenyewe.

— Haya, basi usiinunue! Wembe alipiga paja. Biashara bila kioo ni biashara gani? Mimi nikimharibu mtu kichwa, nani anamwambia ukweli? Kioo.

— Ndiyo maana chako umekitundika juu, alisema Mama Birika. Watu wafupi wanatoka hapo wamefurahi wote.

— Mama, hilo ni suala la ukuta.

— Nyie mnachelewesha watu, alisema Chaji. Mimi kila siku nafungua simu, sijawahi kukuta kioo cha namna hiyo ndani, na zinapiga picha mpaka watu wanalia. Kioo ni chuma kinachopanda na kushuka. Kitu kikipanda na kushuka, siku moja kitakwama. Tena hiyo mpya inatafuta macho. Unaielekeza kwa mtu, inayakamata macho yake yenyewe, hata akikimbia haiyaachi.

— Na aliyesinzia? aliuliza Wembe.

— Itakamata kope.

— Na mwenye miwani ya jua?

Chaji alikunywa kahawa polepole.

— Itakisia.

— Eti itakisia! Kacha, unamsikia huyu? Leo inakisia macho, kesho inachagua watu. Utasimama mbele yake umevaa vizuri, umejipaka mafuta, ikutazame, iseme huyu hapana.

— Wewe ndiye wa kwanza, alisema Mama Birika.

— Wacha nimalize. Keshokutwa itakwenda harusini peke yake. Itaingia ukumbini, imkamate macho bwana harusi, aone aibu kutoroka. Mpiga picha amebaki nyumbani amekunja miguu. Ndipo na bwana harusi naye aseme, kumbe inawezekana, atume simu yake. Sasa binti wa watu anaolewa na simu! Wahenga walisema—

— Wahenga hawakupigwa picha, alisema Chaji. Kaa kimya.

Walicheka, na mteja aliyenyolewa nusu akacheka naye huko ndani. Kacha hakucheka. Alikuwa anaifuta lenzi kwa pindo la shati. Wapiga picha wote wanajua kufanya hivyo ni dhambi, na yeye huwagombeza wengine kwa hilo.

— Mpe kazi Filta, basi, alisema Wembe. Ana hiyo isiyo na kioo. Wewe ubaki na yako, Jumamosi apige yeye.

Studio ya Filta iko ng'ambo ya barabara, uso kwa uso na ya Kacha. Ina taa mlangoni na picha ya bibi harusi asiye na hata kipele kimoja. Wawili hao husalimiana kwa kuinua nyusi tu.

— Yule? Kacha aligeuka mzima mzima. Yule anamlainisha mtu kwenye kompyuta mpaka mama yake anamkana! Juzi kuna mzee wa watu kaingia pale na makunyanzi yake aliyoyatafuta miaka yote, katoka na uso wa mtoto wa shule. Nimpe mwanangu? Atatoka hana pua.

— Basi punguza sauti, anakusikia.

— Asikie.

Simu ya Kacha ikalia. Akaitazama, akaigeuza kifudifudi juu ya ubao.

— Wenye duka? aliuliza Mama Birika.

— Wenye duka.

— Sasa baba, sema ukweli. Unayoitumia haijaharibika. Mpya unaijadili kama mtu anayeuza kiwanja cha urithi. Kinachokusumbua hasa ni nini?

Kacha aligeukia barabara. Alisubiri gari la maji lipite na kelele zake.

— Mnajua kwa nini nikipiga inalia kacha?

— Si ndiyo ilivyotengenezwa, alisema Wembe. Ndiyo jina lako.

— Ni kioo. Nikibonyeza, kioo kinapanda ili mwanga upite kwenda kuchukua picha. Kikishapanda, jichoni kwangu hakuna kitu. Giza. Kufumba na kufumbua, halafu kinashuka, naona tena.

Chaji alimgeukia, bisibisi mkononi.

— Yaani pale pale picha inapoingia, wewe huoni?

— Sioni. Ninaona kabla na ninaona baada. Pale penyewe sijawahi kupaona. Harusi zote nilizopiga, mtu akimbusu mtu, bibi akimwaga chozi, nyinyi wote mlikuwa mnaona. Mimi niliyelipwa kutazama nilikuwa gizani.

Wembe alilishusha taulo begani, akalishika mkononi.

— Mnaijua ile picha ya mama watoto, iliyo juu ya meza yangu?

Nani asiyeijua? Kila aliyewahi kuingia studio kuomba picha ya paspoti ameiona. Mwanamke ameangusha kichwa nyuma, anacheka kicheko cha kweli, mkono uko njiani kwenda kufunika pengo la meno ya mbele.

— Picha ya shemeji, alisema Chaji taratibu. Hata mimi nikiingia kwako nikiwa na hasira naiangalia.

— Alikuwa hataki kupigwa. Kila nikiinua kamera anafunga mdomo, anasema niache na pengo langu. Siku hiyo sijui nilimwambia nini cha kipuuzi. Nikabonyeza. Kioo kikapanda. Kiliposhuka, mkono umeshafika mdomoni, ameshakasirika. Kile kicheko mimi sikukiona, jamani. Nimekuja kukiona kwenye karatasi, kama mnavyokiona nyinyi. Wakati ule sikujali. Nilijua atacheka tena.

Aliinua kikombe, akakuta hakina kitu, akakishika hivyo hivyo.

— Sasa Jumamosi binti ataingia pale mlangoni. Najua atanitafuta kwa macho, tangu mtoto yuko hivyo. Akishaniona atacheka kile kicheko chake, nami nitabonyeza, na kioo kitapanda. Sitaki kuwa gizani tena. Ile mpya haina giza. Nimeijaribu dukani. Unabonyeza na unaendelea kuona.

Mama Birika alipuliza mkaa ambao haukuhitaji kupulizwa.

— Basi inunue, alisema Wembe. Mimi nimejiuzulu upande wa vioo. Inunue leo.

Ajabu ni kwamba Chaji, aliyekuwa anaipigania tangu mwanzo, ndiye aliyeanza kusita.

— Hapana, hebu tufikiri. Umesema mwenyewe, ndani ni televisheni ndogo. Kwa hiyo binti yako akiingia, utamtazama kwenye televisheni. Kwa hiyo ya zamani unamwona mwenyewe, ila unakatikiwa kidogo. Kwa mpya hukatikiwi, ila humwoni mwenyewe. Kipi bora?

— Televisheni isiyokatika, alisema Wembe.

— Hata hivyo ni televisheni.

— Wewe si ulisema kioo kitakwama?

— Nilisema kuhusu vyuma. Hili la sasa ni la mtu.

— Asifumbe hata jicho moja, alisema Wembe, achungulie kwa hili, na hili lingine alifungue amwone binti kando ya kamera.

— Nimejaribu, alisema Kacha. Kamera imeziba nusu, na lile jicho jingine linaona kidole changu.

— Awe na zote mbili, moja huku moja kule!

— Atamgonga bibi harusi.

Wakaendelea hivyo, wa kioo amehamia kwa wasio na kioo, wa bila kioo amerudi kwenye kioo, na mteja wa watu ndani ameanza kukohoa kikohozi cha kukumbusha. Kacha alikuwa anawasikiliza kwa dhati. Alitaka mmoja wao ashinde ili ajue la kufanya. Simu ililia tena kifudifudi, ikatembea kidogo juu ya ubao, ikanyamaza.

Ndipo binti yake akatokea kona ya duka la mikate, mkono mmoja umebeba suti ya baba yake kwenye hanga, jasho limemtoka.

— Shikamooni.

— Marahaba, bibi harusi! walijibu kwa pamoja, na Wembe akasimama kumpisha.

— Siketi, baba mdogo, nina haraka. Baba, suti yako hii, wameifupisha mikono. Halafu nimetoka ukumbini, tunapanga viti, nimekwama kwenye kimoja nikasema nikuulize mwenyewe.

— Uliza, mama.

— Cha mama nimekiweka mbele, nimetandika mtandio wake juu. Hapo hakai mtu. Chako nikiweke wapi?

— Changu?

— Eh. Watu wa viti wananiuliza baba wa bibi harusi anakaa wapi, nikaona sijui niwajibu nini. Harusi zote ulizonipeleka nilipokuwa mdogo, wewe sijawahi kukuona umekaa. Sasa nikiweke kiti, au nisikiweke?

Hakuwa na kinyongo hata kidogo. Aliuliza tu, hanga mkononi, anasubiri jibu aende zake. Kacha alimtazama Chaji. Chaji akapata kazi ya kuikagua bisibisi yake. Mchana kutwa walikuwa wanajadili baba wa watu achungulie wapi, na hakuna aliyeuliza atakaa wapi.

— Wahenga— alianza Wembe, akaacha mwenyewe. Hakuna aliyemkatiza.

Mama Birika aliliinamisha birika juu ya kikombe cha Kacha. Yakatoka matone mawili ya machicha.

— Imekwisha, alisema.

Kacha alisimama. Akasubiri pikipiki ipite, akavuka barabara, kamera inampigapiga tumboni. Filta alikuwa mlangoni kwake. Alipoona anayekuja ni nani, nyusi zilipanda zenyewe kwa mazoea, kisha zikabaki huko huko juu.

— Jumamosi una kazi? aliuliza Kacha.

— Sina.

— Harusi ya binti yangu. Unipigie.

Filta alitazama ng'ambo, akaona kijiwe kizima kimesimama.

— Mimi? Na wewe je?

— Mimi nitakuwa nimekaa.

— Haya, kaka. Haya. Nije na ipi? Ninayo na ile ya zamani, ya kioo, kama unaamini ile zaidi.

Tangu Jumatatu Kacha alikuwa halali kwa swali hilo. Sasa aliulizwa yeye, akapunga mkono.

— Yoyote utakayoshika, alisema. Alikuwa ameshageuka kurudi alipokumbuka, akasimama katikati ya barabara, akapaza sauti mtaa mzima ukasikia. Ila pua ya mwanangu usiiguse! Ni ya mama yake ile! Na wewe, bibi harusi, hicho kiti kiweke mbele! Karibu na cha mama yako!

Binti yake, pale mbele ya ubao, alimwona baba yake katikati ya barabara, ananyoosha kidole huku na huku, magari yanampigia honi. Akaangusha kichwa nyuma. Akacheka, kicheko kikatoka chote, mkono ukapanda kufunika mdomo, ukachelewa, ukakata tamaa ukashuka.

Kacha alikiona tangu kinaanza mpaka kinakwisha. Kamera ilikuwa imening'inia tumboni, na hakuna aliyesikia kacha.