Ukurasa wa 41 wa Mwalimu Ngazi

Ndugu, jamaa na marafiki, mimi mdogo wake wa mwisho ndiye niliyepewa kazi ya kumwelezea kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mwalimu Ngazi, jina asilolipenda hata kidogo, na sababu yake mtaisikia.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1944, mtoto wa kwanza kati ya watano wa fundi cherehani na mfinyanzi, akasoma shule ya msingi kuanzia 1952 hadi 1959, akaendelea na sekondari, kisha akahitimu chuo cha ualimu Novemba 1966, akafundisha historia kwa miaka thelathini na mitatu katika shule tatu. Tarehe 7 Agosti 1971 alifunga ndoa na muuguzi aliyewahi kumchoma sindano na kumcheka alipofumba macho, wakajaliwa watoto watatu.

Mwaka 1978 aliandika sura moja ya kitabu cha historia, akaeleza kwamba jamii hukua kama mtu, na kwenye ukurasa wa 41 akachora ngazi, chini mtoto mchanga, juu mtu mzima, na jamii zisizokuwa na maandishi akaziweka kwenye umri wa miaka sita. Kichwa kilimvimba, tusifichane. Akampelekea mama yetu kitabu, mama ambaye mtaa mzima ulimfuata kusuluhisha ugomvi, hakujua kusoma lakini picha aliielewa, akauliza watu wa kwao wako wapi, akaonyeshwa, kisha akasema, "Kwa hiyo, mwanangu, umezaliwa na mtoto wa miaka sita?"

Kaka alicheka, akabadilisha mazungumzo. Mama alifariki tarehe 2 Juni 1983 bila kujibiwa, na jambo hilo lilimkaa kaka rohoni.

Baada ya msiba aliitazama ngazi yake upya, akakumbuka wanafunzi waliofiwa na kulea wadogo zao kwa busara ya wazee, na mkaguzi mwenye shahada aliyesusa siku nzima kwa sababu ya kiti. Wachapishaji walikataa kubadilisha chochote, wakisema vitabu vimeshasambazwa, basi kila likizo kuanzia 1985 alizunguka shule hadi shule na gundi ya unga aliyoipika mkewe, akibandika juu ya ngazi kipande cha karatasi kilichoandikwa: "Hapa nilikosea. Hakuna jamii iliyo mtoto. Kila jamii ina watoto wake na wazee wake." Wenzake walimtania, walimu wakuu wengine wakamfungia geti, naye akarudi tena likizo iliyofuata.

Januari 2019 moyo ulianza kumsumbua, akalazwa mara mbili, na Jumanne tarehe 11 Februari 2020, asubuhi, alifariki huku mkewe akiwa amemshika mkono. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotupikia siku zote hizi, na walimu wenzake, hata wale wa geti.

Kazi yake hakuimaliza. Wengi wenu mlikisoma kitabu kile, na wengine bado mnacho kabatini. Vipande vilivyobaki viko mezani pale mlangoni, na gundi imepikwa leo asubuhi, tunaomba kila mmoja achukue kimoja.

Kaka, mwambie mama tunaendelea. Pumzika kwa amani.