Tambi za Seva

Tufani ilikuwa imekwishabisha hodi Taipei, na basi letu la kwenda Xindian lilinuka miavuli iliyolowa. Mbele yangu waliketi bwana Kuo, mkuu wa ofisi ya ramani za mafuriko, na fundi wake Pei-chun.

"Mkuu, watu wanatafuta pa kukimbilia, ramani yetu inazunguka tu, haifunguki," alisema Pei-chun. "Mitaa tumeipima kwa vipimo vya kisiwa chetu, simu zinataka vya dunia nzima. Kila mtu akigusa skrini, seva kule ofisini inapiga upya hesabu ya kugeuza vipimo. Ni kama mpishi anayesubiri mteja aketi ndipo akande unga wa tambi."

"Nimeshaomba seva mpya."

"Hiyo itakuwa inakanda kwa mbio. Si tugeuze mara moja tu, tuhifadhi?"

"Data asilia haiguswi, binti. Niliikuta, nitaiacha."

"Nani kakwambia uiguse? Toa nakala."

"Nakala inataka kikao." Alilitamka neno kikao kama wengine wanavyotamka sala.

"Basi iambie tufani isubiri kikao."

Mkuu akakereka. Akatoa simu amwonyeshe kwamba ramani inafunguka vizuri. Tuliikodolea macho sote watatu, hata mimi nisiyehusika, na hakuna aliyekumbuka kubonyeza kengele ya kushukia.

Basi lilipofika mwisho wa njia ndipo ramani ikafunguka, safi kabisa, ikimwonyesha yuko kituo cha nyumbani kwake, tulichokipita zamani.

"Umeona?" akasema mkuu, akashuka mvuani.